Nani Alisogeza Mstari wa Mama

Sisi tuliokuwa wadogo wakati wa vita tunajua kula kwa kubanana. Tulikimbilia Nshamba kwa shangazi, watoto wengi kuliko vyungu. Ndizi zinamwagwa juu ya jani la mgomba zikifuka, maharage katikati, na kila mmoja anachora mpaka wake kwa kidole. Mimi nilikuwa hodari wa kuusogeza. Shangazi alinizaba makofi kwa mkono uliotoka kukaanga senene, wale panzi wetu wa kuliwa, nanukia senene hadi jioni. Siku hizi mtoto anawekewa sahani yake na kijiko chake, halafu anasusa. Anasusa nini? Lakini nisianze na hao, nitakesha.

Vita ikaisha, tukarudi kwetu Ijuganyondo. Kisha ukaja ule ugonjwa, baba akaondoka. Matanga hayajapoa, baba mkubwa akang'oa omulamula, ule mmea tunaoupanda Wahaya kuonyesha mpaka, akaupanda upya karibu na jiko letu. Migomba yote na kahawa yote vikawa upande wake. Mama alipouliza, akajibiwa kwamba shamba halijaenda popote, liko palepale. Baba mkubwa amekufa zamani, na hasira juu yake ninayo bado. Watu wanasema nisamehe. Wasamehe wao, walikuwa na migomba.

Sasa, kaka yangu Rwegasira alikuwa amepata kazi mjini, ya kuchapa kwenye kompyuta, katika ofisi moja iliyosaidia yatima. Mimi niliishia darasa la tatu, mitambo siijui. Ila nilikuwa nampelekea chakula, na kile kioo cheusi chenye herufi za kijani nilikiona. Ofisi ilikuwa inatengeneza kijitabu juu ya ule ugonjwa, na mama alikuwa ameeleza yote kwa Kihaya: alivyomuuguza baba, alivyomzika, na jinsi omulamula ulivyohamishwa. Aliamini kikichapwa, ukoo utasoma na utaona haya.

Kaka alikigawa kioo kwa mstari mmoja wa kulala. Juu Kihaya cha mama, chini Kiswahili anachokiandika yeye. Anabonyeza, kipande cha juu kinapanuka na cha chini kinapungua. Anabonyeza tena, vinalingana. Macho yanapanda na kushuka, hakuna neno linalomponyoka. Vijana wa leo wanagawa vioo vya simu, juu mpira, chini umbea, wanadhani wao ndio wa kwanza.

Mkuu wa ofisi hakuipenda habari ya shamba. Alisema kijitabu ni cha afya, si cha ugomvi wa koo. Kaka akitoka kula, mkuu anakaa kwenye kile kiti na kuusukuma mstari juu. Siku mama alipofuatana nami kuleta chakula, Kihaya chake kilikuwa kimebaki sentensi moja, imebanwa juu kabisa. Mama alijua kusoma Kihaya, alijifunza kanisani. Akasimama mbele ya kioo, akakunja uso.

"Nani amesogeza omulamula wangu?"

Kaka akamweleza kwa upole kwamba mstari ule ni wa kutazamia tu, hakuna kilichofutwa, maneno yako palepale.

"Hata baba yako mkubwa aliniambia hivyo," mama akasema.

Kaka akabonyeza, mstari ukashuka, Kihaya cha mama kikajaa kioo. Mama akakifuata kwa kidole, midomo ikicheza, mpaka alipofika penye habari ya jiko letu. Hapo ndipo mkuu alipoingia.

"Rwegasira, hicho cha juu kifute. Habari za shamba hazitoki humu."

"Waitu, tafadhali mzee, hicho cha juu ndicho chenyewe."

"Kifute, au uniachie kiti."

Ningekuwa na nguvu ningemtia yule bwana kichwa ndani ya kompyuta yake. Kaka hakupandisha hata sauti. Alivilinganisha vipande viwili, nusu kwa nusu, akatoa koti lake msumarini.

"Mama," akasema, "mimi sitakung'olea."

Akatoka. Mama alidhani anapunga upepo, akanituma nimwite, chakula kinapoa. Nilimwona akipita maduka ya Wahindi, mikono mfukoni, wala hakugeuka nilipomwita. Hakurudi ofisini. Nyumbani pia hakurudi, hadi leo; nadhani aliona haya kumwambia mama kwamba kijitabu kitatoka bila shamba lake.