Milima Miwili ya Mwalimu Darsono

"Darasani mwangu, hakuna mtoto atakayechora tena milima miwili na jua katikati!" Mwalimu Darsono aliyatamka hayo kwenye kikao cha wazazi, mkono kifuani, akaahidi na maonyesho ya kuthibitisha. Hoja alikuwa nayo. Huku kisiwani Java, mtoto yeyote ukimpa karatasi atakuchorea picha ileile ya chekechea: milima miwili, jua, barabara. Sanaa, alisema, ni kuchora unachokiona, si ulichokariri.

Asubuhi moja akatutoa sisi wanafunzi wake nje, uwanjani. "Choreni mnachokiona. Atakayeniletea cha kukariri ataosha vyoo!"

Tukatazama. Shule yetu iko Wonosobo. Kushoto umesimama mlima Sindoro, kulia Sumbing, jua linachomoza katikati, na barabara ya Temanggung inapita hapohapo.

"Mwalimu," mwenzetu Rahayu akauliza, "hivyo vyoo tuoshe wote, au kwa zamu?"

Mwalimu akageuka. Kazaliwa hapo, kakulia hapo, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza kuiona hiyo milima.

"Subirini mawingu," akasema.

Tukasubiri. Mawingu nayo yakamgomea.

Siku ya maonyesho ukuta mzima ulijaa milima miwili. Wazazi wakampa mkono mmoja mmoja: hongera Mwalimu, watoto sasa wanaichora vizuri kweli! Picha moja tu ilikuwa tofauti. Rahayu alimchora Mwalimu mwenyewe akitoa amri, kaipa milima kisogo. Aliyeinunua ni mke wa Mwalimu. Rupia elfu kumi, bei ya sahani moja ya wali.