Neno la Siri la Owor

Walimu wa shule za nasari, kuanzia Mwello hadi Tororo mjini, walimjua Apendi kwa mitihani. Tangu astaafu ualimu, yeye ndiye aliyewatungia na kuwachapia, na michoro aliichora mwenyewe: kuku, chungu, jembe. Mambo ya mashine yalikuwa ya mumewe, Owor. Owor ndiye aliyenunua laptopu, ndiye aliyeweka intaneti nyumbani. Printa ilipogoma, Apendi aliita tu, "Baba Babra, imekwama," akarudi kwenye kuku wake.

Msimu wa kuvuna mtama, Owor akaanguka bafuni. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia na kikamfunga ulimi. Daktari alisema akili yake ni nzima, ila maneno hayatatoka upesi, na pengine hayatatoka kabisa. Akarudishwa nyumbani, akalazwa chumba cha ndani. Apendi akawa hawezi kumwacha peke yake hata achemshe chai kwa utulivu. Mle sebuleni printa ya zamani ikakaukiwa na wino kwa kukaa bure, na walimu wakaanza kuuliza, kwa upole, kama muhula huu mitihani itakuwepo.

Siku moja dada yake Apendi akaja kukaa na mgonjwa, naye Apendi akaenda Busia, akavuka mpaka hadi dukani kwa Loy, muuza printa upande wa Kenya. Loy akamweleza kwamba printa za leza hutumia wino wa unga usiokauka, na kwamba nyingine hutaka waya, nyingine hupokea kazi kwa waifai. Apendi akasimama katikati ya maboksi, akatoa simu ili amuulize Owor. Jina la Owor lilikuwa tayari kwenye kioo alipokumbuka. Akairudisha simu mkobani.

"Nataka ile nitakayochapa nikiwa nimekaa kando ya mgonjwa," akamwambia Loy.

"Basi ni hii, mama. Wewe unakaa chumbani, yenyewe inafanya kazi sebuleni."

Kesho yake fundi wa Loy, jamaa mmoja aliyeitwa Kevo, akaja kuifunga. Akaitoa kwenye boksi, akabandua vipande vya utepe wa gundi, akaiwasha. Ikanguruma vizuri. Kisha ikataka neno la siri la waifai.

Apendi hakulijua. Laptopu ilikuwa imeunganishwa na Owor zamani, na hakuna aliyewahi kumuuliza. Wakampigia binti yao, Babra, aliyekuwa Kampala. Akasema laptopu inaweza kulionyesha, ila laptopu, ingawa ilifunguka kama kawaida, ikataka neno jingine la mwenye mashine kabla ya kulionyesha, na hilo pia aliliweka Owor. Babra akauliza kama baba hawezi kujaribu kulitamka.

Apendi akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. Akamweleza taratibu kuhusu printa, na kwamba kinachokosekana ni lile neno tu. Macho ya Owor yakachangamka. Alilijua. Akakaza midomo, jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Ka," akasema. "Ka... ka..."

Apendi akaanza kumtajia: jina la kijiji cha mama yake, jina la ng'ombe waliyemuuza ili kumsomesha Babra, majina ya ndugu. Kila jina Owor alitikisa kichwa. Apendi akampa kalamu katika mkono wa kushoto, ikachora mstari uliopotea ukingoni mwa karatasi. Owor akarudia "ka" kwa sauti kubwa zaidi, kisha akaanza kupigapiga godoro kwa ngumi, machozi yakimshuka hadi sikioni.

"Basi, Baba Babra," Apendi akasema. "Basi. Si lazima."

Sebuleni, Kevo akamweleza kwamba nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, kuna kitundu. Ukikibonyeza kwa sindano, ruta husahau kila kitu, na mtu huanza upya.

"Kila kitu?"

"Kila kitu, mama."

Apendi akaleta sindano ya kushonea. Kevo akabonyeza, taa zote zikazimika, kisha zikarudi moja moja. Akauliza neno jipya liwe lipi. Apendi akamwambia aweke analotaka, naye Kevo akaliingiza kwenye printa na kwenye laptopu.

Jioni Kevo alikuwa ameshaondoka. Apendi akakaa kando ya kitanda na laptopu mapajani, akaagiza mitihani ya Mwello. Kule sebuleni mashine ikaanza kuvuta karatasi. Owor akashtuka, akageukia mlango, kisha akamtazama mkewe akingoja aambiwe kama lile neno lake limepatikana.  Apendi akamshika mkono. Mashine iliendelea kutoa karatasi hadi zikajaa, zikaanza kuanguka sakafuni, na hakuna aliyekwenda kuziokota.