Mzizi wa Kona ya Pili

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hukimbia kila asubuhi kuzunguka bwawa la bustani, kwenye njia ipitayo chini ya miti. Hana haraka, hata bata humtazama tu, hawajisumbui kumpisha. Mkono wa kushoto huuacha mbali kidogo na ubavu, na kwenye kifundo chake amefunga tepu ya kupimia nguo, ncha ikining'inia. Tepu hiyo ndiyo iliyomwongoza mkewe, ambaye alikuwa haoni, enzi walipokuwa wakikimbia wawili. Siku hizi yuko peke yake, ila akifika kona ya pili, penye mzizi uliokatiza njia, husema kwa sauti ile ile anayotumia kumwambia mteja ainue mikono apimwe: "Mzizi, mama. Inua mguu." Hupunguza mwendo hatua mbili, kisha huendelea.

Wiki iliyopita wafanyakazi wa bustani waliung'oa mzizi ule, njia ikawa sawa kama meza. Leo nilikuwa nyuma yake. "Mzizi, mama. Inua mguu." Kwa kiherehere changu nikamfikia, nikamwambia, "Fundi, mzizi haupo tena. Wameshautoa."

Hakugeuka. "Najua," alisema, akihema. "Yeye ndiye hajui."