Alama Juu ya Jina la Mgeni

Nakumbuka asubuhi moja huko Likoni, mwanangu, nilipokuwa msichana mwenye cheti kipya na majivuno makubwa kuliko cheti chenyewe. Hoteli moja upande wa Shelly Beach ilikuwa imenichukua kwa majaribio. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza programu ndogo ya kuchapisha kadi za kuwakaribisha wageni, na siku hiyo kundi la Wafaransa lilikuwa njiani. Kadi zikiharibika, nilijua ningerudi kwetu Junda kukaa kitako.

Nikafungua lile dirisha jeusi ambamo ukiandika amri, kompyuta hujibu papo hapo. Jina la kwanza lilikuwa Hélène. Kila nilipoiandika ile é yenye kialama kichwani, dirisha liliimeza au likanitolea alama ya kuuliza. Nikabadilisha kibodi. Nikaifuta programu, nikaiweka upya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, lakini siku ile nani angeniambia nikamsikia? Mwisho nikaamua kuzing'oa alama zote, majina yabaki vipara.

Mzee Kombo, mkuu wa kompyuta pale hotelini, alikuwa amesimama nyuma yangu kitambo.

"Binti yangu."

"Abee, mzee."

"Nyumba ya watu waingiaje?"

"Nabisha hodi."

"Basi mbona hapa wavunja mlango? Tangu asubuhi wailazimisha mashine, wala hujaiuliza yasoma herufi gani. Sasa wataka kumkata mgeni jina lake kwa haraka zako. Huo si uungwana."

Wallahi niliona haya. Nikaiuliza mashine, ikanijibu bila kusita: ilikuwa imewekwa isome herufi za Kiingereza peke yake, zile zisizo na alama. Mzee akanionyesha pa kuibadilisha ili ipokee herufi za lugha zote. Nikalifunga dirisha, nikalifungua tena, na ile é ikakaa mahali pake kama kwamba haijawahi kunisumbua.

Jioni bibi mmoja wa Kifaransa aliisoma kadi yake, akaniita. Akanieleza kuwa jina lake, Hélène, alilirithi kwa marehemu mamake, na kila hoteli aendayo hulikuta limekatwa alama. Machozi yalimlengalenga, nami pia. Kazi nikaipata, na Mzee Kombo hakumwambia meneja hata neno juu ya haraka zangu.

Mwanangu, kitu kikikukataa, kiulize kwanza kinaelewa nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Cha mtu usikipunguze ili mzigo wako uwe mwepesi. Na ukijaaliwa mkubwa wa kukukemea bila kukuaibisha, mshukuru angali anasikia. Mimi nilichelewa, shukrani zangu nyingi nilizisema kaburini kwake, nikafuta uso, nikarudi nyumbani.

Mungu akupe mtu wa kukwambia kweli, akupe na moyo wa kuipokea. Amina.