Pembe Niliyoirudisha Fukayosi

Mimi ni muoga. Nasema mapema ili msije mkanitafutia sababu nyingine huko mbele. Kwenye biashara nina mdomo, waulizeni wenzangu wa Mji Mkongwe hapa Bagamoyo, mteja akishika kitu changu haondoki mikono mitupu. Lakini nikiona mtu wa serikali, hata awe amekuja kukagua choo, natafuta mlango wa nyuma.

Nauza vya kupuliza. Wenzangu wanauza vinyago na picha za kuchora, mimi nauza filimbi za mianzi, zumari, na mabaragumu ya pembe za ng'ombe ninayoyachukua kwa fundi mmoja wa Kaole. Ngoma siuzi, ngoma kila mtu anazo. Na kila ninachouza nakipuliza mwenyewe. Zumari ilinitesa mwaka mzima, maana lazima uvute pumzi puani huku mashavu yanaendelea kusukuma sauti, na mume wangu alikuwa akinicheka eti nimevimba kama andazi kwenye mafuta. Baragumu nililiweza kwa wiki moja. Lile halitaki mashavu, linataka midomo iliyobanwa, na midomo ninayo.

Ile pembe niliinunua kijijini Fukayosi. Nilikwenda kutafuta mianzi, nikakaribishwa maji ya kunywa kwa bibi mmoja, mjane, mguu wake umefungwa bendeji. Ukutani kwake lilikuwa limening'inia baragumu refu, jeusi, limejisokota, na ubavuni lina tundu la kupulizia lililolainishwa na midomo ya watu wengi. Lilikuwa la marehemu mumewe, na kabla yake la baba mkwe. Likilia, alisema bibi, watu waliacha majembe shambani wakajua kuna msiba au kuna kazi ya pamoja. Siku hizi wanapigiana simu. Yeye alikuwa anahitaji dawa za mguu, mimi nilikuwa naitaka ile pembe mpaka mate yananijaa. Tukaelewana. Kabla ya kunipa aliishika tena kidogo, akaifuta vumbi kwa pindo la kanga.

Ilikuwa pembe ya tandala, mnyama wa porini. Nilijua ni ya tandala, siwezi kusingizia ujinga. Ila sikuwaza, jamani! Mnyama mwenyewe alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Kwangu ile ilikuwa ala ya muziki, basi, kama zumari ilivyo ala ya muziki. Nikaitundika mlangoni dukani, na kila aliyeingia nikampulizia.

Asubuhi moja akaingia baba mmoja, shati limenyooshwa, kalamu mfukoni. Hakuwa mtalii. Akaniomba niipulize, nikaipuliza mpaka muuza kahawa wa ng'ambo ya njia akanipigia makofi. Yule baba akauliza kwa upole ni pembe ya mnyama gani. Nami na mdomo wangu huu nikajibu kwa maringo, "Tandala, baba. Tandala halisi, si hizi za ng'ombe."

"Una kibali chake?"

"Kibali cha nini? Cha kupuliza?" Nikacheka.

Hakucheka. "Mama, pembe ya mnyama pori bila kibali ni nyara za serikali. Watu wanafungwa kwa hiyo." Akatoa simu, akaipiga picha, akasema asante, akaenda zake. Hakujitambulisha, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Mpaka leo simjui ni nani.

Nilikaa chini palepale sakafuni. Halafu nikaiteremsha, nikaifunga kwenye kanga, nikafunga duka saa nne asubuhi. Saa nne! Nyumbani nikaizika kwenye pipa la mchele, nikaitoa. Nikaipandisha darini, nikaitoa. Nikaisukuma chini ya kitanda, nikakaa juu ya kitanda kama kuku anayeatamia, nikimsubiri mume wangu atoke kazini.

Nilipomweleza aliacha kuvua viatu. "Hiyo ni kesi ya uhujumu uchumi," akasema. "Dhamana yenyewe mbinde. Ichome."

"Harufu ya pembe ikiungua unaijua? Mtaa mzima utakuja kuuliza tunapika nini."

"Itupe baharini."

"Maji yakitoka itabaki ufukweni inang'aa, na nusu ya mji huu wamenisikia nikiipuliza."

"Basi ipeleke mwenyewe maliasili, ujieleze. Hukuua mnyama wewe."

Alisema kweli, na kesho yake nilijaribu. Pembe niliiacha nyumbani, nikasema ngoja nikaulize tu kwanza. Nikafika mpaka getini kwao, nikaona pikipiki mbili zimeegeshwa na kijana mwenye sare anakunywa chai. Akaniuliza, "Mama, tukusaidie?" Nikamwuliza njia ya kwenda sokoni. Soko la Bagamoyo, ambalo naenda kila siku ya Mungu! Akanielekeza vizuri, nami nikaenda sokoni, nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Siku tatu nilikuwa sili. Gari likipunguza mwendo nje, nakimbilia chumbani. Mtoto wa jirani akigonga mlango kuomba chumvi, nabana pumzi mpaka aamini hakuna mtu. Nilikuwa najiona nimekaa kwenye benchi la mahakama, kichwa kimefungwa kanga, wenzangu wa Mji Mkongwe wanachungulia dirishani. Ndipo likanijia wazo la kuirudisha kwa mwenyewe. Nikajiambia ni haki ya yule bibi, ni urithi wa watu, nilikosea kuitoa kwao. Maneno mazuri sana hayo. Nilijitahidi kuyaamini.

Niliizungushia mkeka mpya, nikaufunga kamba ncha mbili, nikapakia bodaboda, mkeka nimeulaza mapajani. Nilikuwa nimesahau kizuizi. Pale barabarani watu wa misitu huwa wanakagua mkaa, na siku hiyo walikuwepo watatu, wanapekua mpaka mizigo ya baiskeli. Dereva wangu akasimama mwenyewe kabla hajaambiwa. Ofisa mmoja akaja, akaweka kiganja juu ya mkeka. Chini ya kile kiganja, ukindu tu ndio uliotutenga na jela.

"Umebeba nini, mama?"

Nilifungua mdomo ikatoka hewa tupu.

Akanitazama usoni, kisha mkeka, kisha kanga niliyojifunga. "Unakwenda msibani?"

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yakamwagika, na wala sikuyatafuta. Akaondoa mkono. "Pole sana, mama. Mungu awape subira. Ruksa." Dereva naye akanipa pole njia nzima, akawa anaendesha taratibu, na mimi namwomba Mungu anisamehe na wakati huohuo namwomba dereva aongeze mwendo.

Bibi alikuwa uani anapeta mchele. Shikamoo, marahaba mjukuu wangu, habari za huko, nzuri. Nilikuwa nimepanga kumweleza yote kwanza, ndipo nifungue mkeka, yeye mwenyewe aamue kama anaitaka au haitaki. Nikaanza kwa kufungua mkeka.

Alipoiona aliweka ungo chini. Akaichukua kwa mikono miwili, akaibusu, wallahi, akaibusu pale penye tundu, akaanza kulia. Kumbe tangu aiuze ndugu wa mumewe walikuwa hawamsemeshi. Walikuwa wamekuja kusafisha makaburi, wakaikosa, wakaondoka bila kula chakula chake. Alikuwa akiogopa kufa, alisema, akihofia hawatamzika karibu na mumewe.

Halafu akafuta machozi, akanikazia macho. "Mbona unanirudishia? Hailii?"

"Inalia, bibi."

"Ina ubaya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Njia yote ile nilikuja kwa ajili ya mahali hapo. Akilini nikamwona yule kijana mwenye sare, nikaliona lile benchi la mahakama, nikawaza nikimwambia ataikataa, na nitatakiwa kupita tena pale kizuizini nayo mapajani.

"Haina ubaya wowote, bibi," nikasema. "Nimeona tu ni yenu."

Akaniombea dua ndefu. Akaniombea watoto, biashara, afya, mwisho mwema, na mimi nimekinga mikono naitikia amina. Alitaka kunipa kuku badala ya zile pesa nilizomlipa, nikakataa, akasema hajapata kuona mfanyabiashara mwenye roho kama yangu. Kisha akaomba msumari kwa jirani, akaitundika nje, chini ya paa, upande wa njiani, ili shemeji zake wakipita waione. Nilikula wali wake, tukapeana namba za simu, nikaaga.

Nilipofika nyumbani nililala kama mtoto mchanga, na hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote. Usingizi ulinipata siku mbili. Siku ya tatu hofu ikarudi, ila safari hii benchini sikukaa mimi. Alikuwa amekaa yeye, na bendeji yake.

Nilivumilia wiki moja, nikampigia. Nilikuwa nimeyaandika maneno kwenye karatasi: bibi, ile pembe ni nyara, ni hatari, iteremshe leo hii, mwite mwenyekiti wa kijiji, mimi nitakuja tukaipeleke pamoja. Niliisoma karatasi mara nne kabla ya kubonyeza namba. Akapokea kwa furaha, akanitambua kwa sauti, hata hakuningoja nimalize shikamoo. Shemeji zake wamerudi, wamekula, wamemwonyesha na mahali pake makaburini. "Na wewe ndiye uliyeleta yote haya," akasema. "Hebu sikia!"

Nikaita, "Bibi, subiri, bibi!" Simu ilikuwa imekwisha kuwekwa chini. Nikasikia kikohozi cha mwanamume, kisha ile pembe ikalia, ndefu, wazi, pale nje upande wa njiani, ikasikika kijiji kizima na kwa yeyote aliyekuwa akipita barabarani. Ikalia mara tatu. Watu wakashangilia.

"Umesikia, mjukuu wangu?"

Karatasi ilikuwa mkononi. "Nimesikia, bibi," nikasema. "Inalia vizuri."