Andika Mkono Ulivutwa

Juzi, kwenye dirisha la kliniki moja mjini Musoma, mbele yangu alisimama mama kutoka Buhemba na mtoto wa wiki sita. Mkono wa kulia wa mtoto ulining'inia bila nguvu. Karani akatamka huku akiandika kwenye kadi: "Kilema cha kuzaliwa."

"Futa hapo," mama akasema. "Tumboni alikuwaga mzima. Bega lilikwama nikijifungua, wakunga wakamvuta, mishipa ya fahamu ikaumia. Andika hivyo."

"Mama, pisha wenzako."

"Sipishi."

Daktari akasikia, akatoka, akaushika ule mkono taratibu, akaandika upya, akawatuma kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo siku hiyohiyo.

Nimeandikia magazeti miaka mingi. Sijakutana na mhariri mkali kama yule mama.