Vibuyu Saba vya Maji kwenye Mto Ruvuma

Rajabu, siku ya nne au ya tano, 1323 ya Hijra. Alfajiri ukungu umefunika Newala yote, sikuiona miguu yangu. Mtoni jua kali, upepo unarusha mchanga machoni.

Hayo ndiyo niliyoandika siku ile. Mengine nayaandika kwa kukumbuka, na kumbukumbu yangu siiamini sana.

Tulikuwa mimi, mke wangu, mtoto wetu mgongoni mwake, na mama mkwe. Tulikuwa tunakimbilia kwa Mreno, ng'ambo ya Ruvuma. Askari wa Mdachi walikuwa wakikamata wanaume kuwa wapagazi wa vita, na waliochukuliwa kijiji cha jirani hawakurudi.

Mizigo niliifunga mimi. Unga wa mtama ndani ya lindo, lile kasha la gome la mti, nguo juu yake. Majembe mawili ndani ya mkeka. Na vibuyu saba vya maji, vimezibwa kwa magunzi. Ndiyo, maji, tunakwenda mtoni! Lakini sisi wa juu maji twayateremkia bondeni. Mwanamke huondoka gizani, akirudi jua limeshapanda. Kibuyu kilichojaa hakiachwi. Mama mkwe alisema havibaki, nami nikaona ni neno la akili. Ili vienee niliacha kapu la muhogo mkavu. Kwa hiyo kosa si lake peke yake.

Kiangazi mto hugawanyika. Mtumbwi wa kwanza ulitufikisha kwenye kisiwa cha mchanga. Hapo unashusha kila kitu, unakibeba hadi upande wa pili wa kisiwa, unangoja mtumbwi mwingine. Nilikwenda na kurudi mara tatu, kila mara shingo imegeuka kule tulikotoka. Vumbi lilikuwa linapanda njiani. Labda mbuzi. Labda askari.

Mwenye mtumbwi wa pili alikuwa mtu mzima, ameegemea upondo wake wa kusukumia mtumbwi.

"Shikamoo."

"Marahaba. Pakieni upesi. Na vibuyu hivi?"

"Maji ya kunywa."

Akautoa mguu wake mtumbwini. "Umesimama katikati ya Ruvuma, bwana, unaniambia umebeba maji ya kunywa? Na mchanga je, hamkubeba?" Kisha hakucheka tena. "Hayo ni maji ya vita. Nikikutwa nayo nitanyongwa mimi. Mwaga."

Simlaumu. Miezi ile dawa ya vita ilibebwa kwa vibuyu kama vyetu, na Mdachi hakuuliza mara mbili.

Kwetu mkwe haambiwi jambo uso kwa uso. Nikamgeukia mke wangu. "Mwambie mama, maji yamwagwe."

Mama mkwe alikuwa hatua mbili tu kutoka pale. "Mwambie mumeo masikio ninayo. Na shingo ninayo, ndiyo iliyoyapandisha kutoka bondeni. Hayamwagwi."

"Basi yanyweni yote," alisema mwenye mtumbwi. "Mkivimba matumbo nitaamini ni ya kunywa."

Mke wangu akanywa, nami nikanywa. Hatukumaliza hata viwili. Vumbi lilikuwa limefika ukingoni, na ndani yake niliona watu, na kitu kinang'aa mabegani mwao. Mwenye mtumbwi akaanza kuusukuma mtumbwi wake majini, mtupu.

Nikavimwaga. Kimoja mama mkwe alikuwa amekikumbatia. Nilikichukua mikononi mwake, na mkono wangu ukagusa wake, jambo lisilofanywa. Mchanga ukayanywa maji yote papo hapo. Alijifunika uso kwa kaniki yake, akapanda, akakaa akinipa mgongo.

Tulipokuwa katikati ya mkondo wale watu walisimama kwenye maji, wakatutazama. Hawakupiga risasi. Mpaka leo sijui walikuwa askari au wachuuzi wa chumvi wenye mapanga. Ikiwa walikuwa wachuuzi, nilimvunjia heshima bure. Ikiwa askari, nimebaki na mke na mtoto kwa sababu ya mkono ule. Nikilipima, siku moja linalalia huku, siku nyingine kule.

Ng'ambo mwenye mtumbwi alitupatia kambare mmoja, labda naye alikuwa na haya yake. Mke wangu alimchemsha kambare, akasonga ugali wa mtama kwa maji ya mto. Mama mkwe alikula peke yake nyuma ya kichaka, kama desturi. Ugali aliumaliza. Kipande chake cha samaki alikirudisha kwangu kwa mkono wa mke wangu, kikaliwa na mtoto.